Mwongozo kamili: Jinsi ya kuhesabu safari ya stima ya mto ya karne ya 19

Swali lenyewe ni hili: mwaka 1890, stima ndogo ilichukua siku ngapi kupanda Mto Kongo kutoka Kinshasa hadi Kisangani? Wengi huchukua umbali, kilomita 1,734, wakaugawa kwa mwendo wa injini, tuseme kilomita 12 kwa saa, wakapata siku sita. Stima iitwayo Roi des Belges iling'oa nanga Kinshasa tarehe 3 Agosti 1890, ikafika Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanley Falls, tarehe 1 Septemba. Hizo ni siku 29.

Kosa hili nimelikuta katika insha za wanafunzi, katika miswada ya riwaya, hata katika maandalio ya masomo ya walimu hodari. Wote wanajua kugawanya. Wanachosahau ni kwamba stima ya mto ilikuwa mahali pa kazi: kuna kuni za kukata, boila ya kusafisha, kina cha kupima, giza la kusubiri lipite. Siku 23 zinazokosekana kwenye jibu lao zimo humo.

Safari hiyo ya Kongo ndiyo tutakayoifanyia hesabu mwanzo hadi mwisho. Mara kwa mara nitahamia Mto Missouri na Mississippi kule Marekani, kwa kuwa huko stima zilikuwa nyingi mno na vipimo vyake vimehifadhiwa vizuri.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ramani ya mto yenye kipimio, na uzi wa kupimia mikunjo yake. Ukipata ramani ya zamani, bora zaidi.
- Vipimo vinne vya chombo: urefu, upana, kina cha maji anachohitaji akiwa mtupu na akiwa na shehena, na nguvu ya injini.
- Msimu: mwezi wa kuondoka, na habari ya maji ya mto mwezi huo.
- Saa za mchana za mahali hapo, mwezi huo.
- Daftari au jedwali la kompyuta lenye safu sita: tarehe, saa za kusafiri, saa za kuni, saa za kutua, saa za hasara, kilomita.
- Tarehe moja ya kweli ya kufika, ya safari yoyote ya mto huo. Hii ndiyo mizani yako mwishoni. Usianze bila hiyo.

## Hatua ya 1: Weka mipaka ya maji yanayopitika

Kabla ya mwendo, jua chombo kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mto ulio mrefu kwenye ramani huenda unapitika kwa vipande tu.

Kongo ni mfano mkali. Kati ya Matadi, ambako meli za bahari hufika, na Kinshasa kuna maporomoko mfululizo kwa zaidi ya kilomita 300. Hakuna stima iliyowahi kuyapanda. Vyombo vyote vya juu viliundwa Ulaya, vikafunguliwa vipande, vikabebwa na watu kwa miguu hadi kwenye maji tulivu ya Kinshasa, vikaungwa upya. Stima ya wamisionari wa Kibaptisti iitwayo Peace, iliyojengwa London na Thornycroft, ilipita njia hiyo ikiwa mizigo mamia kwa mamia, ikashushwa majini mwaka 1884. Mafundi waliotumwa kuiunga walifariki, na mmisionari George Grenfell akaiunga mwenyewe pamoja na mafundi Waafrika. Reli ya Matadi hadi Kinshasa ilikamilika mwaka 1898.

Tahadhari: ikiwa mhusika wako anapanda stima Matadi na kushuka Kinshasa, futa. Lazima atembee wiki kadhaa na msafara wa wapagazi. Juu nako, Kisangani ndio mwisho, kwa sababu hapo maporomoko mengine huanza.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika mstari mmoja usio na shaka: "Kutoka hapa hadi hapa, chombo hakigusi maporomoko."

## Hatua ya 2: Pima mto wa wakati ule

Pitisha uzi juu ya mkondo mkuu, usikate kona. Kwa Kongo kazi ni rahisi: mto ni mpana mno, una visiwa vingi, na njia ya Kinshasa hadi Kisangani haijabadilika sana kwa urefu.

Missouri ni hadithi nyingine. Mto huo umenyooshwa na kufupishwa na wahandisi, na hata kabla yao ulikuwa unahama wenyewe. Stima Arabia ilizama karibu na Parkville, Missouri, tarehe 5 Septemba 1856, katikati ya maji. Ilipofukuliwa mwaka 1988 ilikuwa chini ya shamba la mahindi, mita 14 hivi ardhini, karibu kilomita moja kutoka mto ulipo sasa. Anayepima Missouri ya 1856 kwa ramani ya leo atapata safari fupi kuliko ile waliyosafiri watu wale.

## Hatua ya 3: Linganisha kina cha maji na tumbo la chombo

Stima za mto zilikuwa bapa chini, bila mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu. Mashine, boila na shehena vyote vilikaa juu ya sitaha, kwa sababu ngama, yaani nafasi ya ndani chini ya sitaha, ilikuwa na kina kidogo mno. Peace ilikuwa na urefu wa mita 21 na upana wa mita 3.2, na kwa shehena ya tani 6 ilihitaji maji ya sentimita 30 tu. Far West ya Missouri, iliyojengwa mwaka 1870, ilikuwa na urefu wa mita 58. Ikiwa tupu ilihitaji nusu mita ya maji, na kwa shehena ya karibu tani 200 iliongeza robo mita tu.

Kwa hiyo kina chenyewe si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Tatizo ni msimu. Missouri ilikuwa na mafuriko mawili kwa mwaka: la kwanza Aprili, theluji ya nyanda inapoyeyuka, na la pili Juni, theluji ya milima ya Rocky inaposhuka. Baada ya hapo maji hupungua hadi vuli, kisha barafu hufunga mto. Nahodha aliyetaka kufika Fort Benton, mwisho wa safari kule Montana, aliondoka St. Louis mapema katika majira ya kuchipua ili alikute furiko la Juni akiwa juu.

Kongo inapokea mvua kutoka pande zote mbili za Ikweta, hivyo maji yake hayapandi na kushuka kwa ukali kama huo. Lakini kwa upande wa Kinshasa, Julai na Agosti ni miezi ya maji machache. Roi des Belges iliondoka mwanzoni mwa Agosti. Andika hilo pembeni, tutalirudia kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 4: Tafuta mwendo juu ya ardhi

Hapa ndipo kosa la kwanza la kihesabu linapotokea. Injini inasukuma chombo katika maji, na maji yenyewe yanatembea.

Kupanda mto: mwendo wa chombo toa mwendo wa mkondo.
Kuteremka mto: mwendo wa chombo ongeza mwendo wa mkondo.

Kwa mfano wetu tuchukue makisio ya chombo kilomita 12 kwa saa na mkondo kilomita 4.5 kwa saa. Kupanda ni kilomita 7.5 kwa saa. Kuteremka ni kilomita 16.5. Tofauti ya mkondo mdogo tu imefanya kurudi kuwe haraka zaidi ya mara mbili.

Makisio yako yajaribu kwa chombo kinachojulikana. Arabia ilipanda Missouri kwa wastani wa maili tano kwa saa, yaani kilomita 8. Far West mwaka 1876, ikiwa na askari majeruhi wa vita vya Little Bighorn, ilishuka kilomita 1,140 hivi kwa saa 54 hadi Bismarck, yaani kilomita 21 kwa saa. Nambari hizi mbili ni za vyombo tofauti, lakini zinakuonyesha uwiano: kupanda 8, kushuka 21.

Tahadhari kubwa: usichukue mwendo wa mashindano. Wengi hunukuu safari ya Robert E. Lee ya mwaka 1870 kutoka New Orleans hadi St. Louis, zaidi ya kilomita 1,900 kwa siku 3, saa 18 na dakika 14. Ni kweli ilikwenda hivyo. Lakini ilikuwa imepunguziwa mizigo na abiria, na ilipokea makaa kutoka vyombo vilivyofungwa ubavuni mwake huku ikiendelea kwenda. Hakuna nahodha wa kazi za kila siku aliyeishi hivyo.

## Hatua ya 5: Hesabu saa, achana na siku

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo mzima, kwa hiyo twende polepole.

Kwenye Mississippi ya chini, marubani wenye uzoefu walisafiri usiku. Kwenye Missouri, nahodha mwenye busara alifunga kamba ukingoni jua likizama. Kongo ya 1890 haikuwa na maboya, haikuwa na taa, na ramani zake zilikuwa za juzi. Hakuna kusafiri usiku.

Karibu na Ikweta mchana ni saa 12. Sasa tuipange siku:

- Saa 10 alfajiri: mchochea moto anawasha tanuri. Boila haichemki kwa kubonyeza kitufe. Maji mengi baridi yanahitaji moto wa taratibu. Ukiulazimisha, mabati na misumari yake hutanuka bila kulingana na viungo huanza kuvuja.
- Saa 12 asubuhi: shindikizo limefika, kamba zinafunguliwa.
- Saa 10 jioni: chombo kinatafuta ukingo wenye miti mikavu na kinafunga kamba. Jua bado lipo, lakini kazi ya kuni inaanza.

Tumepata saa 10 kutoka kufungua kamba hadi kufunga. Toa saa moja ya kutua vijijini: kununua mihogo, ndizi, samaki na kuku, maana wafanyakazi wanakula na chombo hakina ghala la kutosha. Toa saa nyingine moja ya kwenda polepole mtu akiwa omo, yaani mbele ya chombo, anapima kina kwa upondo. Inabaki saa 8.

Saa 8 × kilomita 7.5 = kilomita 60 kwa siku.

Utajua umefaulu ikiwa saa za kusafiri ziko kati ya saba na tisa kwa chombo cha Kongo. Zikifika 12, umesahau kuni. Zikifika 24, umerudi kwenye siku sita.

## Hatua ya 6: Lisha tanuri

Swali linaloulizwa kila mara ni: kwa nini wasimame saa 10 jioni na mwanga bado upo? Fanya hesabu ya kuni na utaona.

Anza na Arabia ili uuone ukubwa wa mambo. Ilikula takribani rundo 30 za kuni kwa siku, kila rundo likiwa na urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.2. Zipange mwisho kwa mwisho: unapata ukuta wa kuni wa mita 73. Arabia yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 52. Kila siku ilikula kuni ndefu kuliko chombo chenyewe.

Kule Missouri kuni hizo zilinunuliwa kwa watu waliojenga vibanda ukingoni na kuishi kwa kukata na kuuza. Stima ilitua mara moja au mbili kwa siku, wachukuzi wakatoka mbio, na hata abiria wa sitaha waliolipa nauli ndogo walitakiwa kusaidia kubeba. Pasipokuwa na muuzaji, wafanyakazi walishika shoka wenyewe. Mti ulio mwingi kingo zile ni laini. Ukiwa mkavu unawaka vizuri lakini unakwisha haraka, na ukiwa mbichi haupandishi shindikizo kabisa.

Sasa Kongo. Makaa hayakuwapo, na mwaka 1890 vituo vya kuni vilikuwa haba. Chukua makisio: injini ya nguvu farasi 30, kilo 5 za kuni kwa kila nguvu farasi kwa saa, saa 8.

30 × 5 × 8 = kilo 1,200 kwa siku.

Zaidi ya tani moja ya kuni kavu, kila jioni, kwa shoka na msumeno wa mkono. Kwanza watu waingie msituni kutafuta mti uliokufa ukiwa umesimama, kwani ulioanguka umelowa. Wauangushe, waukate vipande vinavyobebeka, wavibebe hadi ukingoni kwa mwanga wa mienge, kisha wavipasue vitoshe mlango wa tanuri. Wakiwa kumi, kila mmoja ana kilo 120 za kukata, kubeba na kupasua baada ya siku nzima ya kazi. Wakianza saa 10 jioni, hawalali mapema.

Tahadhari: usiandike "walipakia kuni" kwa maneno mawili ukapita. Nani alikata? Kwenye stima za Kongo walikuwa wafanyakazi Waafrika, wengi wao Wabangala. Katika miaka iliyofuata, Dola Huru ya Kongo, koloni la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, iliweka vituo vya kuni kando ya mto na kuvilazimisha vijiji kuvijaza. Hadithi yako ikitokea mwaka 1896 na stima inakuta kuni zimepangwa tayari, kuna kijiji kilicholazimishwa kuzikata. Msomaji ana haki ya kukiona.

## Hatua ya 7: Safisha boila

Stima hizi zilivuta maji ya mto moja kwa moja hadi kwenye boila. Maji ya Missouri yamejaa udongo. Yanapochemka, mvuke unatoka na udongo unabaki chini, unaganda juu ya bati linalopigwa na moto. Bati lililofunikwa na tope halipoozwi na maji. Linapata joto kupita kiasi, linalegea, linapasuka.

Kwa hiyo kwenye maji machafu boila ilifunguliwa mara kwa mara, ikiwezekana usiku chombo kikiwa kimefungwa. Mtu mwembamba aliingia ndani kupitia tundu na kukwangua. Weka nusu siku kila baada ya siku chache kwa Missouri. Kwa Kongo, ambayo maji yake yana rangi ya chai lakini udongo mchache, nusu siku kwa wiki yatosha.

Kuhusu hatari, soma habari ya Sultana, stima ya Mississippi. Boila yake ilivuja, na huko Vicksburg ikatiwa kiraka chembamba badala ya ukarabati kamili, kwa sababu nahodha hakutaka kupoteza siku. Chombo kilichoruhusiwa watu 376 kilipakia zaidi ya 2,000, wengi askari waliotoka kifungoni. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1865, karibu na Memphis, boila zililipuka na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Unapoweka siku ya ukarabati kwenye jedwali lako, jua kwamba nahodha wa kweli alishawishika kuifuta.

## Hatua ya 8: Tenga saa za mafungu ya mchanga na visiki

Chombo chenye uhitaji wa nusu mita bado hukwama, kwa sababu mchanga huhama kila furiko. Njia ya mwezi uliopita huenda leo ni kisiwa.

Njia za kujinasua zilikuwa tatu, na kila moja ina bei yake ya muda:

1. Kurudisha gurudumu nyuma. Gurudumu la makasia likizungushwa kinyume husukuma maji chini ya tumbo la chombo na kuchimba mchanga. Dakika chache hadi saa moja.
2. Kuvuta kwa kamba. Amari inapelekwa kwa mashua hadi kwenye mti mkubwa mbele, au gogo linazikwa ukingoni pasipo na mti, kisha roda ya mvuke inakunja kamba na kujivuta. Saa kadhaa.
3. Kurukisha chombo kwa nguzo. Stima za Missouri zilibeba nguzo mbili ndefu omo. Ziliteremshwa hadi chini ya mto zikiwa zimeinama, kamba zikakazwa kwa mashine, omo ikainuka na chombo kikajisukuma mbele hatua moja. Nguzo zinapandishwa, zinawekwa tena. Saa nyingi, wakati mwingine siku.

Yote yakishindikana, shehena inashushwa nusu, chombo kinavuka kikiwa chepesi, kinarudi kuchukua iliyobaki. Hapo unapoteza siku nzima au mbili.

Visiki vilivyozama ndivyo vilivyoua stima nyingi zaidi kuliko moto na boila. Arabia iligonga mti wa mjozi mweusi uliojificha chini ya maji, ikazama kwa dakika chache. Watu wote waliokoka. Aliyekufa ni nyumbu mmoja aliyeachwa amefungwa. Ilikuwa imefanya kazi miaka mitatu tu, na huo haukuwa umri wa ajabu, kwani stima nyingi za mito ya magharibi hazikumaliza miaka mitano au sita. Far West ilidumu 13, kisha nayo ikauawa na kisiki mwaka 1883.

Kwa Kongo mwezi Agosti, maji yakiwa machache, saa moja kwa siku tuliyokwisha kuitoa kwenye hatua ya 5 inatosha. Kwa Missouri baada ya Juni, toa saa mbili au tatu.

## Hatua ya 9: Weka watu kwenye zamu zao

Jedwali lisilo na watu litakudanganya. Kwenye stima kubwa ya Marekani kulikuwa na nahodha, marubani wawili wanaopokezana usukani, mafundi mitambo wawili, karani wa mizigo na hesabu, manaibu wanaosimamia sitaha, wachochea moto, wapishi, wahudumu na kundi la wachukuzi. Kabla ya 1865 wengi wa wachochea moto na wachukuzi wa Mississippi ya chini walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao; ujira ulikwenda kwa bwana.

Stima ndogo ya Kongo ilikuwa na nahodha mmoja, pengine na fundi mmoja, na wafanyakazi Waafrika waliofanya yaliyobaki yote. Nahodha mmoja hawezi kukaa macho usiku na mchana. Hiyo ni sababu nyingine ya kufunga kamba jioni.

Waswahili nao walikuwamo. Watu kutoka Zanzibar ndio waliobeba vipande vya stima ya kwanza ya mpelelezi Henry Stanley, En Avant, kuzunguka maporomoko, hadi ikaelea Kinshasa mwishoni mwa 1881. Na mwisho wa safari yetu, Kisangani, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko: Tippu Tip alikuwa wali wa hapo tangu 1887, na mwaka huohuo wa 1890 aliondoka kurudi Unguja. Pembe za ndovu ndizo zilizojaza sitaha wakati wa kurudi. Mhusika wako akishuka Kisangani, asishangae kusikia watu wakisalimiana kwa Kiswahili.

## Hatua ya 10: Jumlisha, kisha pima kwa tarehe ya kweli

Kupanda: kilomita 1,734 ÷ 60 = siku 28.9. Ukiongeza nusu siku ya boila kila wiki, ni karibu siku 31. Roi des Belges ilitumia 29.

Usifurahi haraka. Makisio yetu yalikuwa ya kukadiria tu, na yangeweza kukosea pande mbili zikafutana. Kwa hiyo pima upande wa pili: kuteremka ni saa 8 × kilomita 16.5 = kilomita 132 kwa siku, karibu siku 13. Stima ilikuwa Kinshasa tena tarehe 24 Septemba, siku 23 baada ya kufika juu. Siku 13 za mwendo zinaacha nafasi ya kukaa Kisangani, kupakia, kukata kuni za kurudi na kusimama vituoni. Nambari zinakaa.

Ukipata kupanda sawa lakini kuteremka hakuwezekani, mkondo wako ndio mbovu. Ukipata zote mbili fupi mno, angalia saa za kuni. Zote mbili zikiwa ndefu mno, huenda umetoa muda wa kutua mara mbili.

## Ukihamia mto mwingine

Badilisha mambo manne tu: saa za mchana, mkondo, namna ya kupata kuni, na uchafu wa maji. Missouri mwezi Juni ina zaidi ya saa 15 za mwanga, marubani wawili na kuni za kununua. Mpe chombo saa 11 za kusafiri, lakini mwongezee tope na mchanga.

Zambezi ya 1858 inahitaji uangalifu wa pekee. Stima Ma Robert ya David Livingstone ilikula kuni bila kushiba na kwenda polepole hadi mitumbwi yenye mizigo ikaipita. Wenyewe walioipanda waliipa jina la mgonjwa wa pumu. Bati lake la chuma jembamba lilitoboka kwa kutu, hadi ikakwama kwenye fungu la mchanga na kuachwa hapo Desemba 1860. Kwa chombo cha namna hiyo ongeza safu ya saba kwenye jedwali, ya kuziba matundu na kufua maji ngamani, na uitolee saa moja kila siku ya safari, ukiongeza hadi mbili baada ya mwaka wa kwanza.